Ofisi Inayowasha Taa Mchana

Siku moja nilimsindikiza mama mmoja, jirani yangu hapa Nkunga, kwenda kufuatilia karatasi za shamba lake katika ofisi ambayo sitaitaja. Tulikuta watu wamejaa kwenye korido yenye giza, wakipapasa kuta.

"Mama, umeme umekatika. Njoo kesho," karani alimwambia kwa upole.

"Haya, mwanangu," akajibu, akageuka.

Faili lake lilikuwa palepale, kwenye rafu ya nyuma, ila hapakuwa na mwanga wa kulisomea. Ilikuwa saa sita mchana. Nje, hatua kumi kutoka mlangoni, ungeweza kutunga uzi kwenye sindano.

Ndugu msomaji, usiniambie kosa ni la umeme. Umeme ulikatika kwa mgao miaka ya 1990, ukakatika mwaka 2006, ukakatika tena mwaka 2023. Kosa ni la aliyechora ramani akijua hayo yote, akapanga vyumba pande mbili na katikati akaacha korido isiyo na dirisha hata moja. Kisha akaja mwingine akabandika karatasi nyeusi kwenye vioo ili ofisi ionekane ya kisasa. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Jua ndilo mbacha wetu.

Wapo watakaosema Rungwe ni nchi ya ukungu, mvua na baridi. Ni kweli. Lakini hata anga lenye mawingu hutoa mwanga wa kutosha kusomea, tena mwanga mpole usioumiza macho. Kinachotakiwa ni kuupokea. Mafundi wana kipimo chepesi: mwanga wa kufaa huingia ndani ya chumba kiasi cha mara mbili ya kimo cha dirisha, kuanzia sakafuni hadi ukingo wake wa juu. Dirisha linaloishia mita 2 litaangazia mita 4 hivi. Chumba cha mita 8 chenye madirisha upande mmoja, nusu yake ni pango. Inua ukingo huo ufike mita 2.5, paka dari rangi nyeupe, weka madirisha madogo ya juu kwenye kuta za korido, nawe utaona tofauti.

Tena tuko karibu nyuzi 9 kusini mwa Ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri huelekea kaskazini. Desemba huelekea kusini kidogo. Kuta ndefu zenye madirisha zitazame kaskazini na kusini, upenu uzikinge na mvua na jua kali. Mashariki na magharibi, ambako jua hupiga usoni, ziwe kuta fupi.

Na wala tusisingizie uhaba wa wataalamu. Beda Amuli, Mtanzania mwenzetu, alisanifu Soko la Kariakoo, lililofunguliwa rasmi mwaka 1975, kwa kufikiria jua, hewa na mvua ya mahali pale. Ujuzi tunao.

Najua kompyuta haiendeshwi kwa dirisha. Lakini kutafuta faili, kusoma jina, kutia sahihi na kugonga muhuri havihitaji waya. Yule mama alirudi kesho yake, kwa nauli nyingine, akiwa amepoteza siku mbili za kupalilia. Gharama hiyo haikuandikwa katika makisio ya jengo lile. Aliilipa yeye.