INJILI HAIKUFIKA MPWAPWA KWA KUWAAMBIA WATU WATUPE DAWA (UZI)

1. Msimu wa mikutano ya injili umefika. Mahindi yako ndani, watu wana nafasi, spika zimefungwa uwanjani. Sina shida na mkutano, mimi mwenyewe naimba kwaya. Shida yangu ni kauli moja tu ya baadhi ya watumishi: "Kama una imani, acha dawa." Leo nasema wazi, hiyo si injili. Someni mpaka mwisho ndo mnitukane.

2. Wanasema hii ndiyo imani ya asili, ya maombi matupu. Haya, twende kwenye historia. Mwaka 1876 CMS ya Uingereza ilituma kundi la watu wanane kuelekea Uganda. Mmoja wao, John Smith, alikuwa daktari. Alikufa kwa homa mwaka 1877 kusini mwa Ziwa Victoria. Kabla ya 1880 Mpwapwa yetu hii ilishakuwa na kituo cha misheni, na kati ya waliokaa hapo alikuwepo daktari, Edward Baxter. Waliomba? Waliomba sana. Na sanduku la dawa walibeba.

3. Alexander Mackay wa kundi lilelile alikufa kwa homa mwaka 1890 huko Usambiro. Sasa nauliza: kama kuugua ni kukosa imani, hao waliotuletea injili walikuwa na nini? Ukishasema mgonjwa hana imani, umewahukumu waliokufa njiani ili wewe leo ushike maikrofoni.

4. Tuendelee. Anglikana huku kwetu waliacha hospitali Mvumi na Kilimatinde. Wazee wa Ugogo waliosumbuliwa na vikope mpaka kope zikageukia ndani walifanyiwa upasuaji wa macho, na waliombewa pia. Hata ule uamsho wa Afrika Mashariki, ambao waimbaji wa Tukutendereza mnaupenda, mizizi yake moja iko kwenye hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, alikokuwa daktari Joe Church. Watu walitubu palepale penye wodi. Hakuna aliyeona ajabu.

5. "Nesi, leta Biblia." Haya. Mfalme Hezekia aliomba, Mungu akaahidi kumponya, halafu Isaya akaagiza andazi la tini liwekwe kwenye jipu. Ahadi ipo, na dawa ipo. Luka alikuwa tabibu, na Paulo hakumwambia aache kazi. Timotheo aliyekuwa na shida ya tumbo alishauriwa na Paulo huyohuyo atumie mvinyo kidogo. Hakuna mahali alipoambiwa tatizo lake ni imani ndogo.

6. Sasa la kliniki, na hapa naomba mtulie. Mtu anayetumia ARV vizuri, kipimo cha wingi wa virusi kinaweza kusema "havionekani". Huo ni ushindi wa dawa. Virusi vimelala, havijaondoka. Mtumishi anaichukua karatasi hiyo, anaipandisha jukwaani: "Amepona!" Watu wanapiga vigelegele. Mama anarudi nyumbani anaacha dozi. Virusi vinaamka na kinga inashuka. Akiwa mjamzito au ananyonyesha, mtoto naye yuko hatarini. Akirudi kwetu amebebwa, yule mtumishi yuko mkoa mwingine, turubai limeshakunjwa. Anayebadilisha shuka usiku ni sisi.

7. TB ndo usiseme. Dawa ni miezi 6 kwa kawaida. Mwezi wa pili kikohozi kimepungua, mtu anaona ameponywa, anaacha. Vijidudu vilivyobaki vinaweza kuwa sugu, na nyumba nzima inaambukizwa.

8. Hatujajifunza tu? Mwaka 2011 tulipanga foleni Loliondo kwa kikombe cha shilingi 500, na wapo waliofia foleni. Februari 2020 Moshi watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakigombea mafuta ya upako. Mwaka 2023 Shakahola, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Sisemi matukio haya ni sawa. Nasema yote yalianza na watu kuacha kuuliza maswali.

9. Najua kwa nini watu wanakimbilia huko. Uwanjani unashikwa mkono, unaitwa kwa jina. Zahanati unakaa benchi tangu asubuhi, na mwingine ametembea milima na mabonde kufika. Hilo lirekebishwe, tena haraka. Lakini dawa ya benchi refu ni kuongeza wahudumu na lugha nzuri, siyo kutupa vidonge.

10. Na msinisingizie kwamba napinga uponyaji. Ombeni! Mgonjwa akitaka tuombe kabla ya kumeza dawa, tunaomba. Muujiza wa kweli hauogopi kipimo. Yesu mwenyewe aliwatuma wenye ukoma wakajionyeshe kwa kuhani, ambaye ndiye aliyepewa kazi ya kuthibitisha.

11. Ombi langu kwa wazee wa kanisa na viongozi wa vijiji: kabla ya kumpa mtu uwanja, mwambieni jambo moja tu. Aombee wote, kisha atangaze kwa spika ileile: "Endeleeni na dawa mpaka kliniki iwaambie." Akikataa, asipewe uwanja.

Mtumie jirani yako anayemeza vidonge kwa kujificha.