Ukumbi wa Umma na Mwenye Silaha

Ndugu askari wa jeshi na polisi, Kiswahili kina neno lenye hekima: baraza. Neno hilo ni mahali pa kukaa mbele ya nyumba, na pia ni mkutano wa watu wenye kushauriana. Wagiriki wa kale nao walikuwa na jengo lililofanana na maana hizo mbili. Waliliita stoa, yaani ukumbi mrefu wenye ukuta nyuma na safu ya nguzo mbele, ulio wazi kwa kila mpita njia.

Katika mji wa Athens kumbi hizo zilizunguka uwanja wa soko. Chini ya paa zake watu walikimbia jua na mvua, wakafanya biashara, wakasikiliza matangazo ya serikali, na mara nyingine mahakama ziliketi humo. Mfalme Attalos wa Pili wa Pergamon, aliyetawala tangu 159 hadi 138 K.K., aliuzawadia mji huo stoa ya ghorofa mbili yenye maduka 42. Jengo hilo lilijengwa upya kati ya 1953 na 1956, na leo ni makumbusho.

Mbele ya Stoa ya Kifalme palikuwa na jiwe. Viongozi wapya walisimama juu yake wakaapa kuongoza kwa haki, kuzifuata sheria na kutopokea zawadi kwa ajili ya cheo chao. Aliyevunja kiapo alitakiwa kutoa sanamu ya dhahabu. Sheria zenyewe zilichongwa katika mawe zikawekwa hapo hapo, ili raia asiambiwe kwamba sheria ni siri ya wakubwa.

Lakini ukumbi unaotuhusu zaidi sisi wenye silaha ni Stoa ya Michoro. Ukutani palichorwa vita vya Marathon vya mwaka 490 K.K., ambamo Waathens waliwashinda Waajemi. Msemaji Aeschines alisimulia kwamba jemadari Miltiades aliomba jina lake liandikwe kwenye mchoro huo. Wananchi walikataa. Walimruhusu achorwe mstari wa mbele akiwahimiza askari wake, basi. Ushindi ulikuwa wa wote.

Humo pia zilitundikwa ngao walizotekwa nazo askari wa Sparta huko Pylos mwaka 425 K.K. Hazikupelekwa nyumbani kwa jemadari yeyote. Karibu miaka 600 baadaye msafiri Pausanias alizikuta bado zipo, zimepakwa lami zisiharibiwe na kutu. Huo ndio utunzaji wa mali ya umma.

Hata hivyo, ukumbi huo huo uliona aibu kubwa. Mwaka 404 K.K. Athens ilishindwa na Sparta, na madaraka yakashikwa na watu thelathini. Hao walijiwekea watumishi 300 wenye mijeledi na kuungwa mkono na kikosi cha kigeni. Mwandishi Diogenes Laertius anaeleza kwamba raia 1,400 waliuawa katika Stoa ya Michoro wakati wa utawala wao. Nguzo zilikuwa zile zile. Michoro ya Marathon ilikuwa ukutani ikitazama. Kilichobadilika ni mkono ulioshika silaha na bwana uliomtumikia.

Utawala huo ulianguka mwaka 403 K.K., na watu wakarudi ukumbini mwao. Yapata mwaka 300 K.K. mwalimu Zeno alifundisha hapo, na wafuasi wake wakaitwa Wastoa kwa jina la jengo hilo. Walifundisha kuwa mtu huru ni yule anayeitawala nafsi yake.

Kwa maoni yangu, funzo ni wazi. Jengo la umma halijilindi lenyewe, wala mawe yenye sheria hayawezi kuushika mkono wa mwenye mjeledi. Kulilinda ni kazi yetu. Tunapowekwa zamu kwenye mlango wa mahakama, soko au ukumbi wa mkutano, tujiulize: mwananchi anapotuona, anaingia kwa utulivu, au anageuka na kurudi alikotoka? Akigeuka, tumeshindwa vita ingawa hatukufyatua risasi hata moja.