Negatifu sio tusi

Vijana wenzangu, leo tuambiane ukweli, hata kama unauma.

Mtoto akipata homa hapa kambini, mama anapanga foleni tangu alfajiri. Mtoto anachomwa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kipimo, na baada ya dakika 15 au 20 jibu linatoka: hakuna malaria. Anapewa Panadol. Akifika nyumbani, majirani wanamwambiaje? "Wale hawajui kitu, kipimo chao kibovu. Nenda ununue dawa ya malaria kwa duka." Na kweli anaenda!

Jamani, tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linasema: pima kwanza, ndio utibu. Kwa sababu si kila homa ni malaria. Nimonia inaleta homa. Maambukizi ya mkojo pia. Mtoto mwenye nimonia ukimpa dawa mseto, hujamtibu, umempotezea siku tatu. Kwa mtoto anayehema kwa shida, siku tatu ni nyingi mno.

Halafu kuna wale wa kumeza vidonge viwili, homa ikishuka vinavyobaki vinawekwa kabatini, eti vya mtoto mwingine. Dozi ni mara 6 ndani ya siku 3, basi. Rwanda na Uganda tayari kumeonekana vimelea vinavyochelewa kufa kwa dawa za artemisinini. Dawa hii ikishindwa, sisi tutakimbilia wapi tena?

Ndiyo, kipimo kinaweza kukosea, hasa vimelea vikiwa bado vichache. Lakini dawa ya hilo ni kurudi kupimwa tena, sio kubahatisha.

Na ninyi watu wa kliniki, msicheke, hamjapona. Kusema tu "negatifu, aingie mwingine" sio matibabu. Negatifu maana yake ni kuendelea kutafuta. Hesabuni pumzi za mtoto, mwangalieni masikio, ulizeni kuhusu mkojo. Mwambieni mama, kwa lugha anayoielewa: akikataa kunyonya, akihema haraka au akipata degedege, rudi mbio, hata usiku. Mama asipoelezwa, duka litamweleza. Na duka linauza, halipimi.

Basi wiki hii kila mmoja wetu akae na mzazi wake amwambie maneno mawili tu: negatifu ni jibu, na baada ya jibu hilo ana haki ya kuuliza, "Sasa mtoto wangu anaumwa nini?"