Lodi Salisbury Alipewa Pemba na Nani?

Wananchi, kwa miaka mingi tuliambiwa kuwa hatujastahili kujitawala. Leo tumtazame mmoja wa wakubwa walionena maneno ya namna hiyo, tuone yeye alistahili kwa lipi.

Robert Cecil, Lodi Salisbury, alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mara tatu kati ya mwaka 1885 na 1902. Mwaka 1886 alipinga Waairishi wasipewe bunge lao, akadai kuwa ziko kaumu zisizofaa kujichagulia watawala, na mfano wake ukawa Waafrika wa kusini. Mwaka 1888 alisema hadharani kuwa hadhani Waingereza watamchagua mtu mweusi kuingia Bungeni. Aliyemkusudia ni Dadabhai Naoroji, Mhindi. Mwaka 1892 watu wa Finsbury, London, walimchagua Naoroji!

Je, Lodi mwenyewe alichaguliwa na nani? Alizaliwa mwaka 1830 katika jumba la Hatfield, ukoo wa mawaziri tangu enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza. Mwaka 1853 aliingia Bungeni kwa kiti cha Stamford, akakikalia miaka 15 bila ya kupata mpinzani hata mara moja. Mwaka 1867 alijiuzulu uwaziri kwa kuchukia kura kupanuliwa hadi kuwafikia wafanya kazi wa mijini. Mwaka uliofuata baba yake alifariki, naye akarithi cheo na kiti katika Baraza la Malodi, kama mtu arithivyo shamba la mikarafuu. Alipoondoka mwaka 1902, uwaziri mkuu ukaenda kwa mpwa wake, Arthur Balfour.

Huyu ndiye aliyetuamulia sisi. Tarehe 1 Julai 1890, mjini Berlin, Uingereza na Ujerumani zilitiliana saini. Mjerumani akapewa Heligoland, kisiwa kidogo mno cha Bahari ya Kaskazini. Mwingereza akaachiwa himaya ya Unguja na Pemba. Malkia Victoria alinung'unika kuwa watu wa Heligoland hawakuulizwa. Kwetu, Sayyid Ali bin Said aliikubali himaya. Lakini mchumaji wa Wete na mvuvi wa Mkoani nani aliwauliza? Asiyekuwapo na lake halipo!

Na himaya hiyo ilimhami nani? Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipiga mizinga jumba la Sayyid Khalid mjini Unguja. Kwa muda usiofika saa moja, mamia waliuawa na kujeruhiwa. Mwaka 1897 utumwa ulipofutwa, fidia alipewa bwana. Mtumwa, aliyezipanda na kuzichuma karafuu za Pemba, hakulipwa kitu. Na akikosa makazi na kazi, alihesabiwa mzururaji.

Himaya ilikwisha tarehe 10 Desemba 1963, lakini hila yake tuijue: kwanza mtu huambiwa hafai, kisha huamuliwa. Basi akitokea yeyote, mgeni au mwenyeji, na mkataba wa ardhi yetu, bahari yetu au karafuu zetu uliokwisha kutiwa saini, tusianze kumuuliza faida ni kiasi gani. Tumuulize: wenye nchi waliulizwa lini?