Fibre inapita, kijiji kinabaki: sekta zetu zinangoja nini?

Kuko kichuguu kimoja kando ya barabara ya Likasi kwenda Kolwezi chenye tunakijua vizuri. Kila magaribi mwalimu wa shule ya kijiji anakipanda na telefone mkononi, anatafuta rezo. Akiipata, anatuma hesabu ya wanafunzi kwa wakubwa wake mjini, anasoma ujumbe, anashuka. Siku ya mvua hapandi.

Karibu na kichuguu kile, chini ya udongo, kuko waya wa fibre optique. Tulikuwa pale wakati walichimba mfereji. Vijana wa kijiji njo walishika jembe na koleo, walilipwa kwa mita, kazi ikaisha, magari yakaenda. Tangu siku ile intaneti inapita pale mchana na usiku, inaenda mjini na mu kampi za kampani. Pa kijiji haisimami hata kidogo.

Watu watatuuliza: ninyi wa sendika, mambo ya fibre yanawaangalia nini? Yanatuangalia sana. Mtumikaji wa mine, na zaidi yule wa sous-traitance, halali mu kampi. Analala mu kijiji, mu nyumba ya kupanga. Mshahara wake unapita mu telefone, mtoto wake anajiandikisha ku iniversite kwa intaneti, habari za kazi zinatumwa mu WhatsApp. Mwenye hana rezo analipa moto kwenda mjini na kurudi, na siku inapotea. Ile ni pesa inatoka mu mshahara, hata kama haiandikwi ku bileti ya malipo.

Basi swali letu ni hili: nani anaweza kufanya fibre isimame pa kijiji? Wengi wanajibu: kampani ya telefone. Wengine: Leta kule Kinshasa. Sisi tunasema kuko mtu wa tatu, yuko karibu zaidi na tumemsahau: komine, sekta na cheferi. Tuangalie kwanza namna wengine walifanya.

Kwa nini tunatazama Ufaransa

Tunachukua Ufaransa kwa sababu mbili. Ya kwanza, sheria zetu za utawala zinafanana na zao kidogo: kule kuko komine na meya, huku kuko komine na burugumestre. Ya pili, ni habari ya shaba. Telefone ya Wafaransa ilipita miaka mingi mu nyuzi za shaba, mpaka nyumba ya mwisho ya kijiji. Sasa kampani ya Orange inafunga rezo ile ya shaba pole pole, na mpango ni kumaliza mu 2030. Mahali pa shaba panaingia uzi wa kioo, njo fibre. Sisi watu wa shaba tusiogope, umeme na magari ya batri bado vinaitafuta. Lakini mtu wa kijiji cha Ufaransa mwenye alikuwa bila fibre, angebaki bila kitu siku shaba inazimwa. Kwa hiyo ilikuwa lazima fibre ifike kwa wote, hata kule pasipo na faida.

Na kampani hazikutaka kwenda kule. Tusizilaumu bure: kampani inahesabu. Mu mji, mfereji wa mita mia moja unahudumia nyumba mia. Mu kijiji, mita mia moja zinahudumia nyumba moja, pengine hakuna. Ndiyo maana kampani zilichukua miji, na mashamba yakabaki.

Hapo njo serikali za mahali ziliingia. Mu 2004, sheria iliwapa ruhusa ya kujenga rezo zao wenyewe za mawasiliano. Si kuomba tu, si kungoja: kujenga na kumiliki. Mu 2013 Leta ilianzisha mpango mkubwa wa kufikisha intaneti ya mwendo wa kasi mu nchi yote. Walihesabu itakula karibu miliari 20 za euro kwa miaka 10, pesa za kampani na za Leta pamoja. Kampani zilibaki na miji. Vijiji vilipewa kwa rezo za serikali za mahali, na Leta ikaongeza msaada wa pesa.

Matatu yenye walifanya

La kwanza: waliungana. Ufaransa iko na komine karibu 35 000, na nyingi ni ndogo kama kijiji chetu. Komine yenye watu mia tatu haiwezi kuongea na kampani kubwa, watamcheka meya. Basi komine na departema zilifunga muungano, zikaweka pesa mu mfuko mmoja, zikatafuta mjenzi mmoja kwa bei moja. Mu departema ya Ain, karibu na Uswisi, muungano wa komine wenye ulikuwa unashugulika na umeme njo uliongeza kazi ya fibre. Walikuwa wanajua nguzo, mifereji na njia. Hawakuanza na sifuri.

La pili: rezo ni ya wote. Muungano unabaki na uzi pamoja na tiyo zenye uzi unapita. Kampani za telefone zinakuja kupanga njia, kila moja inalipa. Hivi mwenye nyumba anachagua kampani anayotaka, na pesa ya kupanga inarudi kusaidia kulipa mjengo. Kama kampani moja inaondoka, uzi haundoki nayo.

La tatu ni dogo na linachekesha, lakini bila lile kazi haiendi: majina ya njia na namba za nyumba. Fundi wa fibre anatafuta nyumba ya fulani, na mu vijiji vingi vya Ufaransa njia hazikuwa na jina. Meya na washauri wake walikaa, wakapa kila njia jina na kila nyumba namba. Mu 2022 sheria ikasema ni lazima kwa komine zote, hata ndogo. Pamoja na hilo, meya anaomba wenye mashamba wakate matawi yenye yanalala ku nyuzi, anatoa ruhusa ya kuchimba barabara, anatafuta uwanja mdogo wa kuweka sanduku la mitambo. Hakuna mkubwa wa Paris mwenye anaweza kufanya kazi hii. Ni kazi ya mtu mwenye anajua shamba hili ni la nani.

Matokeo yanaonekana. Mwisho wa 2024, karibu nyumba na ofisi 9 kwa 10 za Ufaransa ziliweza kupata fibre mpaka ndani.

Mahali walianguka, na sisi tunapajua

Lakini tusiimbe sifa tu. Kuko upande wenye Wafaransa wenyewe wanalalamikia, na hapo watu wa mine tutatambua sura yetu.

Kuvuta uzi wa mwisho, toka sanduku la njia mpaka ndani ya nyumba, kampani ziliachia sous-traitance. Sous-traitance ikaachia ingine, ile ikaachia ingine tena. Mwisho wa mnyororo kuko kijana na gari lake, analipwa kwa kila nyumba anayounganisha. Akikawia, hapati kitu. Basi anafanya mbio mbio. Akikuta nafasi imejaa mu sanduku, anachomoa uzi wa jirani na kuingiza wa mteja wake. Jirani anazimikiwa, anaita kampani yake, wanatuma kijana mwingine, naye anachomoa uzi wa mwingine. Masanduku yalifunguka, nyuzi zikalala nje. Meya njo walipokea kilio cha watu, wakati hawakuwa na nguvu juu ya wale mafundi. Mambo yalifika mu Seneta: Patrick Chaize, seneta wa Ain, alileta mswada wa sheria juu ya ubora wa kazi hii, na Seneta ikaupitisha mu 2023.

Funzo ni rahisi. Pesa ya watu wote ilijenga rezo nzuri, halafu malipo mabaya ya mtu wa mwisho yakaiharibu. Sisi tumeona jambo lile lile mu mashimo. Mwenye kulipwa kwa mita anachimba mita, hajali mfereji una kina gani. Waya unazikwa karibu na juu, mvua moja unaonekana, trekta moja unakatika. Wakati watu wanatusikia tukipigania wafanyakazi wa sous-traitance, wasifikiri ni mambo ya mifuko yetu peke yake.

Kwetu pesa iko wapi?

Sasa turudi nyumbani. Wengi watasema: Ufaransa iko na euro, sisi hatuna. Hapo tunakataa.

Katiba ya 2006 inasema mji, komine, sekta na cheferi ni vyombo vyenye kujiongoza. Sheria ya madini, vile ilirudiliwa tarehe 9 Machi 2018, inagawanya redevance hivi: 50% Leta ya Kinshasa, 25% provense, 15% komine, sekta ao cheferi yenye mine iko ndani yake, na 10% mfuko wa vizazi vinavyokuja. Tena kampani lazima itoe angalau 0,3% ya mauzo yake kwa miradi ya maendeleo ya watu wa pale, na lazima isaini cahier des charges pamoja nao.

Tufanye hesabu ndogo ya mfano. Kampani iuze shaba ya dola milioni 100. Redevance ya shaba ni 3,5%, njo dola milioni 3 na nusu. Fungu la sekta, 15% yake, ni dola 525 000. Ongeza 0,3% ya mauzo, ni dola 300 000. Kwa kobalti redevance ni kubwa zaidi, 10%. Na mu Lualaba na Haut-Katanga kampani haziuzi milioni mia moja tu.

Sheria ya mawasiliano ya 25 Novemba 2020, nayo, inajua mfuko wa kufikisha huduma mahali pasipo na faida, FDSU. Maana yake, wazo kwamba kijiji pia kiko na haki limeisha kuandikwa. Na uzi wenyewe upo: toka 2013 kable ya WACS inatua Muanda, na huku kwetu fibre inaingia toka Zambia kupitia Kasumbalesa. Njia kuu imefika. Kinachokosa ni kilomita chache za mwisho.

Tusifiche taabu. Desemba 2023 watu walichagua washauri wa komine mu sehemu chache za miji. Sekta na cheferi bado hazijachagua washauri wao. Kwa hiyo mu sekta nyingi pesa ya redevance inamjua mkubwa mmoja na wasaidizi wake. Umeme ni taabu ingine: fibre bila kuran ni uzi wa kufungia kuni. Na mama wa kijiji atatuuliza: hatuna maji safi, fibre ya nini?

Mama ana haki. Maji mbele. Hatuombi watoe pesa ya kisima waweke ku fibre. Tunasema hivi: gali zaidi ni mfereji, si uzi. Wakati sekta inachimba mfereji wa maji, ao kampani inatengeneza barabara, waweke tiyo tupu ya plastiki pembeni. Bei yake ni ndogo, na kesho mwenye kuleta uzi hatachimba tena. Tena hatuanzi na kila nyumba kama Ufaransa. Tuanze na mahali patatu: shule, kituo cha afya, ofisi ya sekta, na paneli za jua juu ya paa. Toka pale, wifi inaweza kutumikia watu wa karibu.

Yenye tunaomba

Kwa wakubwa wa sekta na cheferi: bandikeni ku mlango wa ofisi pesa ya redevance yenye imeingia na yenye imetoka. Ungana na jirani yako. Sekta tatu zenye kuongea pamoja zinasikilizwa kuliko sekta moja yenye kulia. Na kabla ya kusaini ruhusa ya kupitisha waya mu udongo wenu, andikeni mu karatasi: waya ukipita hapa, mlango mmoja ufunguke hapa.

Kwa watu wa kijiji wenye kukaa ku meza ya cahier des charges: ulizeni tiyo na fibre ya shule kwa jina lake, na kilomita, na tarehe. Neno "maendeleo" peke yake halina kilomita.

Kwa kampani: kina cha mfereji kipimwe, na vijana wa mahali wenye kuchimba wawe na kontra, vifaa vya kujikinga na malipo ya siku, si ya mita.

Na sisi wa sendika tumejipa kazi: mkutano ujao na wakubwa wa sekta yetu, tutaweka swali la tiyo juu ya meza pamoja na maswali ya mshahara. Mwalimu wa kichuguu amekubali kuja kusema mwenyewe. Tumemwambia tu aombee mvua isinyeshe siku ile, maana tutamtumia saa ya mkutano kwa telefone, na kuipokea lazima apande.