Akina Mama na Kalamu: Akivuna Nani?

Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu tuliliacha shuleni pamoja na madaftari yetu, nalo ni kuandika sentensi iliyokamilika. Usifunue ukurasa mwingine kwa kudhani kuwa haya ni mambo ya walimu. Sentensi moja mbovu ilimpotezea mwenzetu mahindi ya watoto wake, na sentensi hiyo tuliiandika sisi, kwa mkono wetu huu.

Ilikuwa hivi. Mwenzetu huyo ni mjane, anaishi na watoto wanne katika kijiji kimoja upande wa Laela. Mwezi wa Januari, wakati maghala mengi ya Ufipa yanakaribia kuwa matupu na mahindi ya shambani bado ni mabichi, shemeji yake alikuja kumwomba msaada. Mjane alikuwa na akiba. Akakubali kumkopesha, na kwa kuwa sisi tulikuwa wageni wake siku hiyo, alituomba tuandike karatasi. Tukaandika haraka haraka maneno haya:

"Leo mama amempa shemeji magunia sita ya mahindi akivuna atampa."

Shemeji akatia sahihi, tukanywa togwa, tukaagana kwa furaha. Kabla ya mavuno shemeji akafariki dunia. Mjane alipopeleka karatasi ile kwa watoto wa marehemu, waliisoma polepole, kisha wakasema: "Mama mkubwa, hapa imeandikwa 'amempa'. Hakuna neno la kukopesha. Tena anayevuna ni nani? Sisi tunasoma kwamba ulimpa baba, na kwamba wewe ukivuna utampa tena."

Wazee wa ukoo walikaa nusu siku nzima. Walijua kuwa mjane si mwongo, lakini karatasi haikumsaidia. Mwisho watoto wale walimrudishia magunia matatu kwa ajili ya amani, na matatu yakapotea. Hatuwezi kuwalaumu watoto wale, maana walisoma kilichoandikwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulijifunza kuwa hata yenye daftari hupotea, kama sentensi za daftari hilo hazieleweki.

Kosa letu lilitokana na nini? Tunapozungumza, iwe kwa Kifipa au kwa Kiswahili, sauti, macho na kidole hutusaidia. Siku ile tuliposema "akivuna atampa" huku tukimtazama shemeji, kila aliyekuwepo alielewa. Karatasi haina macho wala kidole. Itasomwa siku ambayo sisi hatupo, na msomaji hataweza kutuuliza. Kwa hiyo kila kitu anachohitaji kujua lazima kiwe ndani ya sentensi.

Mama zetu wengi walijifunza kusoma na kuandika katika madarasa ya kisomo, baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Walijivunia sana kuweza kuandika majina yao badala ya kuweka dole gumba. Sisi binti zao tumepiga hatua nyingine: tunaandika kumbukumbu za vikundi, karatasi za mikopo, barua kwa walimu na ujumbe wa simu. Basi tuangalie makosa manne yanayotusumbua mara kwa mara.

Kosa la kwanza ni sentensi isiyofika mwisho. Sentensi iliyokamilika ina kiima, yaani yule au kile kinachozungumzwa, na kiarifu, yaani habari yake. Mama akimwandikia mwalimu, "Mtoto aliyepelekwa zahanati jana," amemtaja mtoto lakini hajatoa habari. Mwalimu anabaki akingoja. Mtoto huyo amepona? Amelazwa? Aandike: "Mtoto aliyepelekwa zahanati jana bado ana homa." Vivyo hivyo, "Kwa kuwa dumuzi wameharibu mahindi yetu" ni nusu ya habari. Imalizie: "Kwa kuwa dumuzi wameharibu mahindi yetu, tunaomba kulipa mchango mwezi ujao." Ukianza na "kwa kuwa", "ingawa" au "kama", jiulize kabla ya kuweka nukta: je, nimeimaliza?

Kosa la pili ni sentensi nyingi zilizobanwa pamoja bila nukta. Siku hizi kosa hili limezidi kwa sababu ya simu. Ujumbe mmoja wa kawaida wa simu huchukua herufi na nafasi 160, nasi tunabana maneno ili tusilipe mara mbili. Kijana mmoja aliyesafiri na baba yake na mjomba wake kwenda Mpanda alimwandikia mama yake: "tumefika baba na mjomba anaumwa yuko hospitali tuma hela". Mama alikesha bila kujua anayeumwa ni mumewe au ni kaka yake. Angalia tofauti: "Tumefika. Baba ni mzima. Mjomba anaumwa. Mjomba yuko hospitali. Tuma hela." Huo bado ni ujumbe mmoja, na nukta hazikuongeza gharama yoyote.

Umeona kuwa tumerudia neno "mjomba"? Shuleni tulizoea kudhani kuwa kurudia jina ni uandishi mbaya. Katika mambo ya fedha, ugonjwa na mali, kurudia jina ni usalama. Neno "anaumwa" linaweza kumhusu baba, mjomba, au mtoto wa jirani, kwa kuwa watu wote katika Kiswahili hushirikiana "a" moja. Hapo ndipo tulipopotea na "akivuna atampa". Walikuwepo watu wawili, na ile "a" ilimfaa kila mmoja wao.

Kosa la tatu ni kutopatanisha maneno. Kwa vitu, Kiswahili kimetupa msaada ambao kwa watu hakikutupa. Fikiri umeandika kuwa umepeleka gunia la mahindi kwenye mashine ya kusaga. Ukiongeza "limeharibika", ni gunia. Litafute sindano ulishone. Ukiandika "yameharibika", ni mahindi. Yaanike au uyatupe. Ukiandika "imeharibika", ni mashine. Tafuta mashine nyingine. Silabi moja ya mwanzo imebadilisha kazi yote ya siku. Lakini mtu anayezoea kusema "gunia imeharibika, mahindi imeharibika" anaitupa silaha hiyo, na msomaji wake hawezi kujua kilichoharibika ni kipi.

Kosa la nne ni kukata neno lisilokatwa. Wengi huandika "na taka" wakikusudia "nataka". Mama aliyeandika dukani "na taka mchele kilo mbili" ameandika habari za uchafu! Vilevile "namwomba" ni mimi ninayeomba, lakini "na mwomba" ni mtu mwingine aombaye. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtenda, wakati na mtendwa katika neno moja, nasi tusikivunje vipande.

Sasa turudi kwa mjane wetu. Laiti tungeandika hivi:

"Leo, tarehe 12 Januari, mimi (jina kamili) nimemkopesha shemeji yangu (jina kamili) magunia sita (6) ya mahindi. Kila gunia lina kilo 100. Shemeji yangu atanirudishia magunia sita (6) ya mahindi makavu, kila gunia kilo 100. Atayarudisha baada ya kuvuna shamba lake, kabla ya tarehe 31 Julai."

Andika mwaka pia, kisha wote wawili watie sahihi pamoja na mashahidi, na kila upande ubaki na nakala. Hapo zipo sentensi nne, na kila moja inajibu swali lake: nani amemkopesha nani, kiasi gani, atarudisha nini, na lini. Tumetaja kilo kwa sababu ninyi mnajua kuwa gunia la lumbesa na gunia la kawaida si kitu kimoja. Neno "gunia" peke yake linaweza kuzaa ugomvi mwingine.

Utajuaje kama sentensi yako inaeleweka? Mpe mtoto wa darasa la nne au la tano akusomee kwa sauti, wewe ukiendelea kuchambua maharage. Akikosa pumzi katikati, panahitajika nukta. Kisha muulize: "Nani amefanya nini?" Akisita, au akijibu tofauti na ulivyokusudia, usimkemee. Andika upya. Zoezi hili halichukui robo saa, na mtoto naye anajifunza.

Hili hapa zoezi la mwezi huu. Rekebisha sentensi hizi katika daftari la kikundi chenu:

1. Wanachama ambao hawajalipa mchango wa mwezi wa tatu.
2. Mwenyekiti alimwambia mweka hazina kuwa amepoteza ufunguo wa sanduku.
3. Na omba ruhusa mtoto anaumwa kesho atakuja.

Ya pili ndiyo ngumu, nasi tunawaomba muijadili kwa makini, maana fedha za kikundi zimo ndani ya sanduku hilo.

Mjane wetu alitusamehe. Mwezi wa Januari uliofuata mtu mwingine alikuja kumkopa mahindi, naye akatuita tena tumwandikie. Safari hii alisimama nyuma ya bega letu, na kila tulipofika kwenye "a" akauliza, "Nani?"