Nemo si mpole, na "atazoea" si jibu

Wadau, kuna neno moja likitamkwa mbele ya tangi la samaki natamani nitoke nje: "atazoea". Samaki mpya kajibanza kwenye kona ya juu karibu na pampu, mapezi yamechanika, siku ya pili hagusi chakula, halafu mwenye tangi kakunja nne kwenye kochi anakwambia eti atazoea tu, si mgeni! Hazoei jamani. Anakufa. Na Jumamosi mwenye tangi anaenda kununua mwingine.

Mnaonisoma humu mnajua nasoma mambo ya viumbe wa majini, na tangu mlipolijua hilo kila mwenye tangi sebuleni kanigeuza daktari wa bure. Sawa, nakubali. Lakini nane kati ya kumi mnaniletea kesi ileile: yule wa rangi ya chungwa na mistari myeupe, samaki klauni, ambaye dunia nzima inamwita Nemo tangu filamu ya Finding Nemo itoke mwaka 2003. Filamu nzuri, sikatai, ila imetuharibia. Watu wanadhani wananunua katoto kapole kaliyempotea baba yake. (Na huyo baba mwenyewe, kwa biolojia ya kweli, mke akishaliwa ndiye angegeuka kuwa mama. Sitanii.)

Ngoja niwaambie kinachoendelea humo. Klauni wote wanaanza maisha wakiwa madume. Kwenye kikundi, mkubwa kuliko wote ndiye jike, anayemfuata kwa ukubwa ndiye mume, waliobaki ni wapangaji wasio na haki ya kuzaa. Jike akifa, mume anageuka jike na mpangaji mkubwa anapanda cheo. Hans na Simone Fricke waliyaandika haya kwenye jarida la Nature mwaka 1977, siyo habari mpya. Mwaka 2003 Peter Buston akaongeza jingine lililoniacha mdomo wazi: wale wadogo wanajizuia kukua, wasije wakamfikia mkubwa wao wakatimuliwa. Yani samaki anabana urefu wake ili mama mwenye nyumba asikasirike! Na hao ni wanaoishi naye kila siku. Sasa wewe unamletea mgeni kwenye mfuko wa plastiki saa kumi na mbili jioni, unategemea apokelewe na maua?

Wenye "atazoea" yao hawataki kuelewa jambo moja. Baharini klauni naye ni mgomvi hivihivi. Ana anemoni yake na eneo dogo kuizunguka, ukiingia anakufukuza. Mzamiaji mkubwa mzima anadonolewa vidole. Tofauti ni kwamba baharini anayefukuzwa anaondoka, anaogelea mita chache na ugomvi umekwisha. Kwenye tangi la urefu wa mita moja ataondoka aende wapi? Eneo la klauni linaanzia kioo hiki linaishia kioo kile. Kwa hiyo anafukuzwa asubuhi, anafukuzwa mchana, anafukuzwa mpaka taa zizimwe. Mume wa klauni ana namna yake ya kuomba radhi, anatetemeka mwili mzima mbele ya mkewe na yanaisha. Mgeni wa jamii nyingine hiyo lugha haijui.

Halafu kuna wauzaji. Kuna mmoja, simtaji, kanishauri mbele ya mteja kwamba klauni awekewe klauni wa aina nyingine "wapeane kampani". Huo ndio ushauri mbovu kuliko yote. Klauni hamchukii mtu kama anavyomchukia anayefanana naye. Mwaka 2024 watafiti wa Okinawa, Japani, walionyesha kwamba klauni wa kawaida, yule wa mistari mitatu, humshambulia zaidi mgeni mwenye mistari mitatu kama yeye. Ni kama anahesabu. Kwa hiyo aina mbili kwenye tangi moja la nyumbani, hapana. Watatu wa aina moja, hapana pia, maana wawili wataoana na wa tatu atageuzwa ngoma. Na wale damseli wa bluu wanaouzwa rahisi rahisi ni ukoo mmoja na klauni, kwa damu na kwa tabia.

Wengine mnaniambia, basi tumtafutie mbabe mwenzake amtie adabu. Chewa? Kikande? Chewa hamtii mtu adabu, anammeza. Hapo hujatafuta jirani, umetafuta mlo.

Klauni nao hawalingani. Huyo wa filamu ana nafuu. Yule mwekundu iliyoiva wa Indonesia hadi Australia, mwenye mwiba shavuni, jike lake linafika sentimita 17 hivi na ndiye mkali kuliko wote. Wa kwetu wapo wawili: yule wa waridi mwenye mstari mweupe mgongoni, huyo ana staha kidogo, na klauni wa Allard, anayeishi kuanzia Kenya kushuka hadi Afrika Kusini, ambaye akishaota ukubwa usimchezee.

Basi aishi na nani? Na anayejiweza lakini hamtamani nafasi yake. Kitatange kibete wa Afrika yupo bahari hiihii yetu, hazidi sentimita nane, ana wepesi na hajali kelele. Kangaja ni mzuri kama tangi ni kubwa kweli, nasema lita mia tatu na kwenda juu, siyo hilo la kwako la lita sitini, bana. Jamii ya tafi nao safi: wapole ila wana miiba yenye sumu mgongoni, na kila mtu majini anaiheshimu. Waacheni kabisa kadinali wa Banggai, anaogelea kama mwenye usingizi na tangu 2007 yuko kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Gobi wenye haya nao wahurumieni.

Ila chaguo zuri bila mpangilio ni kazi bure. Klauni aingie wa MWISHO. Wageni wakishapata mapango yao, ndipo mama mwenye nyumba aletwe, akute nyumba si yake. Kama tayari yumo, mtoe wiki moja au mbili, hamisha mawe yote, ingiza mgeni, kisha mrudishe. Au mgeni akae kwanza kwenye kisanduku cha plastiki chenye matundu humohumo, waonane bila kushikana. Chakula tupa pande mbili za tangi. Mkishindwa, mpeni klauni tangi lake na mwenzi wake mmoja mdogo, mwachane naye. Hakuna sheria inayosema lazima tangi lijae kama daladala ya Mwenge.

Naudhika kwa sababu wengi wa hao wanaokufa kwenye kona hawakuzaliwa dukani. Klauni anazalishwa vizuri kwenye matangi siku hizi, ila kangaja na kitatange wa huku kwetu mara nyingi wametolewa mwambani kwa wavu. Kuna ofisi moja mjini, tangi liko mapokezi, kila nikipita nakuta samaki wapya na klauni yuleyule. Na msije mkaniambia dawa ni kumtupa baharini akishawashinda. Samaki wa Indonesia hana kazi Kunduchi. Waulizeni Wamarekani: samaki simba wa kwetu huku alionekana Florida mwaka 1985, na mpaka leo wanamvua kwa mashindano na hawammalizi.

Na wewe uliyenitumia ujumbe jana kuhusu farasi wa bahari na klauni: hapana. Anakula polepole, ananing'inia na mkia, klauni atakuwa ameshamaliza sahani zote mbili. Atakufa njaa kabla hajapigwa.